Nyumba ya Wankyo si Jiko

Ukifika Mugeta ukauliza kwa Nathan, utaonyeshwa nyumba yenye bati la bluu, madirisha makubwa ya vioo na vigae vinavyoteleza barazani. Watu wazima wanaiita jumba. Skolastika, mke wa Nathan, anaiita mjengo. Watoto wa jirani wanaiita ghorofa, ingawa haina hata ngazi. Ukiuliza kwa Wankyo, utaonyeshwa uwanja huohuo, lakini kidole kitalipita jumba, kitalipita zizi, kitaishia kwenye msonge wa fito na udongo, mviringo, paa lake la nyasi limeshuka mpaka mtu mrefu anainama kuingia. Nathan anauita kibanda. Mwenyewe Wankyo, mama yake Nathan, anauita nyumba, na hajawahi kuupa jina lingine.

Si kwamba hajaona makazi ya aina nyingine. Kwao Bugwema aliachishwa shule darasa la nne ili alinde mtama, na msimu mzima alilala kwenye dungu, kitanda cha miti juu ya nguzo katikati ya shamba, debe la kupiga mkononi. Alipoolewa na Machibya, kuli wa ghala la pamba, walianza maisha Musoma kwenye chumba cha kupanga. Milango sita ilitazamana, choo kimoja, na mwenye nyumba alikuwa anagonga saa anayotaka aone kama wameongeza mtu. Hapo ndipo Wankyo alipojifunza kusikiliza nyayo. Mpaka leo, mtu akikanyaga uani, anajua kabla ya hodi kama amekuja kwa heri au kwa maneno.

Waliporudi Mugeta, Machibya alikata fito na nguzo. Udongo aliukanyaga Wankyo kwa miguu yake, na mimba ya Nathan tumboni. Kuta alizikandika yeye, na kila baada ya mavuno alizisiliba upya kwa samadi ya ng'ombe. Wenzake walipohamia kwenye bati, alikataa.

"Bati mvua ikinyesha linapiga kelele," alisema. "Mwizi akija nitamsikiaje?"

Jumatatu moja, nyayo alizozisikia zilikuwa za Nathan, na zilikuja haraka. Nathan anauza samaki Musoma, ana mke, ana gari, na sasa binti yake mkubwa alikuwa amepata mchumba.

"Mama, wageni wa posa wanakuja wiki ijayo. Jumamosi mafundi wanavunja kile kibanda. Tunataka mahali pa magari."

"Kibanda kipi? Cha kuku?"

"Mama, unajua ninachosema."

"Sijui. Kionyeshe."

Nathan hakunyoosha kidole. "Chumba chako kiko tayari ndani. Kina godoro jipya na choo humohumo."

"Mimi nilale paa moja na mkwe wangu? Nipishane naye na kanga kifuani?"

"Mambo hayo siku hizi hayapo."

"Kwako hayapo. Kwangu yapo."

Na kweli yapo. Kwa watu wake Wankyo, mama hahamii kulala nyumba ya mwanawe aliyeoa. Anaweza kula humo, kukaa, hata kucheka humo siku nzima, lakini jua likizama anarudi kwake. Asiye na kwake anaitwa mgeni, na mgeni wa kudumu kwenye mji aliouanzisha mwenyewe ni aibu. Mji, huko, ni uwanja wote na nyumba zilizomo.

Usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwa mzee Silasi, mwenyekiti wa kitongoji, akamweleza yote.

Silasi alijikuna kidevu. "Shemeji, kesho anakuja karani wa namba za nyumba. Nilishasema kwenye mkutano, nyumba yenye namba kwenye kitongoji changu haivunjwi mpaka anayelala humo akubali mbele ya ofisi. Isiyo na namba ni banda la mtu. Hilo siwezi kuliingilia."

"Kumbe ni hiyo namba tu."

"Ni hiyo. Kaa uangalie."

Kuangalia ndiko anakokuwezaga. Jumatano Wankyo hakwenda shamba. Aliweka kigoda mlangoni kwake, akakaa. Silasi alifika na karani, mwanaume wa makamo kutoka Bunda mjini, jina lake Hamduni, kibao cha kuandikia kimebanwa kwapani. Nathan aliwapokea. Waliongea, wakaonyeshana, kibati chenye namba kikapigiliwa kwenye jumba. Kisha Hamduni akafunga mfuko wake wa misumari.

"Baba, mbona unafunga?" Wankyo aliita. "Na huku?"

"Shikamoo mama. Huko nimeshaandika. Jiko."

"Marahaba. Nani amekwambia ni jiko?"

"Mwenye mji." Hamduni alimtazama Nathan, kisha akanyoosha kalamu. "Halafu nimeona mwenyewe, mama. Moshi unatoka paani."

Moshi ulikuwa unatoka kweli, taratibu, ukipenya kwenye nyasi. Wankyo huwasha moto katikati ya nyumba kila asubuhi, awe na cha kupika au asiwe nacho, ili mchwa wasile fito. Kila aliyelala kwenye msonge analijua hilo.

"Wewe umelelewa chini ya bati," alisema Wankyo. "Huo moshi ni dawa ya mchwa. Ningeuacha wiki mbili, paa lingenidondokea. Huyu anajua, amekua akipiga chafya humu ndani."

"Mama, usiwacheleweshe watu," alisema Nathan. "Kibanda ni kibanda."

Wankyo alisimama.

"Mwenyekiti, baba yake huyu alipofariki, wewe si ulibeba jeneza?"

"Nilibeba. Upande wa kichwa."

"Jumba lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Limeezekwa, na viti vimepangwa sebuleni."

"Mlimlaza humo?"

Silasi alikohoa. "Hapana. Nathan alitaka, wazee wa ukoo wakakataa. Mwenye mji analala usiku wake wa mwisho kwenye nyumba ya mke wake."

"Jeneza lilipita mlango huu?"

"Lilikataa. Tulichimbua nguzo moja ya mlango ndipo likaingia."

"Nguzo ndiyo hii hapa, nilirudishia mwenyewe, udongo wake hata rangi haujafanana." Wankyo alimgeukia mwanawe. "Sasa sema mbele ya karani. Wanaume wazima wale walivunja mlango ili wamlaze baba yako jikoni?"

Nathan alitazama viatu vyake. Skolastika alikuwa ametoka barazani na ufagio, akasimama bila kufagia.

"Hatusikii," alisema Wankyo.

"Si jikoni, mama."

"Basi hapa ni nini?"

"Nyumba."

Hamduni alifuta mstari kwenye karatasi yake. "Nisamehe mama, mimi niliona moshi tu. Niandike makazi ya muda?"

"Nimekaa humo na mume wangu miaka thelathini na mbili. Wewe unataka muda gani?"

Silasi aliangua kicheko. Hata Skolastika aliziba mdomo kwa kanga.

"Ya kudumu basi. Mkuu wa kaya?"

"Wankyo."

"Na Nathan?"

"Huyo ana kwake, umeshampigilia."

Kibati kilipigiliwa kwenye nguzo ya mlango. Karani na mwenyekiti walipoondoka, Nathan alibaki uani akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Mama, umenivua nguo mbele ya watu."

"Wewe ulitaka kunivua nyumba."

"Wageni nitawaambia nini?"

"Waambie ndimo ulimozaliwa. Wakitaka kunisalimia wainame, mlango ni mfupi."

Nathan aliondoka bila kuaga. Skolastika ndiye aliyekuja kumwambia kwamba mafundi watakuja vilevile, ila mahali pa magari pamehamishiwa upande wa pili, kwenye maua aliyoyapanda yeye mwenyewe. Hakuonekana kuyasikitikia sana.

Wankyo hakuamini. Jumamosi lori la mchanga lilipoingia uani, alikuwa tayari ameshakaa mlangoni tangu asubuhi, uji wake ukipoa chini ya kigoda. Lori lilianza kurudi nyuma, likapinda vibaya, matairi yakaelekea kwenye msonge. Wankyo akanyanyuka, akaenda kusimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

Dereva akapiga honi, akatoa kichwa dirishani. "Bibi, tupishe! Nageuza tu hapa!"

"Geuzia kule."

Akapiga tena, mara mbili.

"Piga mpaka betri iishe," alisema Wankyo, wala hakusogea.