Paka wa Mama Pishi Arudi Kazini

Sokoni walimwita Mama Pishi kwa sababu hakuwahi kumpunja mtu. Alijaza pishi ya maharagwe mpaka yakamwagika ukingoni, na ulimi wake nao haukujua kipimo. Marehemu mumewe alimwachia kibanda cha nafaka na paka mmoja aitwaye Askari.

Jina la kidume, mwenyewe jike, na hapo ndipo kesi ilipoanzia. Askari na paka wenzake wa soko walizaa bila kupumzika, hata ukitaka kupima mchele unakuta vitoto vimelala kwenye mizani. Mwenyekiti wa soko, muuza viatu, uvumilivu ukamwisha. Akatangaza kwamba mwezi ukiisha atawawekea paka sumu.

Mama Pishi alikosa usingizi. Binti wa dada yake alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya hisani inayotibu paka na mbwa wa watu bure. Akamshauri paka wa soko wapelekwe kufungwa kizazi. Soko zima likacheka. Paka akifungwa, walisema, hunenepa na kubweteka. Muuza dagaa aliuliza kama Askari atanunuliwa godoro pia. Mwenyekiti akakata shauri: aanze huyo Askari. Akipona akakamata panya, sumu haitawekwa. Asipokamata, wasije kumlilia.

Basi Askari akapelekwa ndani ya kapu, akilalamika njia nzima. Kwenye chumba chenye harufu ya dawa na meza ya bati, muuguzi alipowasha mashine ya kunyolea, Mama Pishi aliangua kilio.

"Mwanangu, huyu ndiye ninayezungumza naye kibanda kikifungwa. Ukimharibu, sina mwingine."

"Mama mdogo, kaa hapo nje. Nitakurudishia yeye yule yule."

Askari alirudi na tumbo lililonyolewa kama kidevu cha bwana harusi, akalala. Aliamka kula, akalala tena. Panya walipita mchana kweupe, na wapita njia walimuuliza Mama Pishi kama mgonjwa anahitaji shuka. Majibu yake makali aliyaweka akiba, akaendelea kupima mchele. Aliogopa, tena sana. Hata muuguzi alipokuja kuukagua mshono na kusema umepona, hofu haikumtoka.

Mwezi ulipoisha mwenyekiti alikuja na pakiti ya sumu mfukoni, na watu wakakusanyika, maana aibu ya mwenzio haina kiingilio. Alikuwa katikati ya hotuba Askari alipoinuka. Akajinyoosha, akapiga mwayo, akapita katikati ya miguu ya watu mpaka ndani ya duka la viatu. Maboksi yakaporomoka. Akatoka na panya mnene aliyenenepeshwa na ngozi za mwenyekiti, akamlaza juu ya kiatu cha mwenye duka.

Soko lilipiga vigelegele. Muuza dagaa ndiye aliyepiga kikubwa kuliko wote, mnafiki yule.

"Pokea, mwenyekiti," alisema Mama Pishi. "Katoka kwako."

Sumu ikarudishwa ilikonunuliwa. Wiki iliyofuata foleni ya makapu ilifika nje ya geti la zahanati, na Mama Pishi akaipita akitembea kama mwenye jengo. Mbele kabisa alisimama mwenyekiti, amekumbatia koti lake. Kutoka ndani ya koti alichungulia paka mweupe, mzee, ambaye hakuna mtu sokoni aliyejua kwamba anaye.

"Mama Pishi," alinong'ona, macho yamemlowa, "watamuumiza?"

Mama Pishi alikuwa na maneno makali ya mwezi mzima, ameyaweka akiba. Aliyaacha hapo hapo.

"Kaa na mimi hapa nje," alisema. "Watakurudishia yeye yule yule."