Matanga ya Uongo

Mtaani kwetu Kibomet, miaka ile, ukitaka kutoka bila kuulizwa maswali, ulisema una matanga. Hakuna aliyekuzuia. Nilisahau jambo moja tu, ambalo hata mtoto wa nasari alilijua: mtu haachwi aende matanga peke yake.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda Bungoma kwenye matembezi ya watoto wenye usonji na wazazi wao. Nesi wa kliniki ndiye aliyeniambia. Binti yangu alikuwa na miaka saba, hasemi, na wageni wakija nilimfungia chumbani. Nikiulizwa, nilisema amelala. Miaka saba mtoto wangu alikuwa amelala, na majirani kwa heshima zao walijifanya kuamini. Si kwamba sikumpenda. Niliona haya, na haya hiyo inaniuma mpaka leo.

Asubuhi ile nafungua mlango, namkuta jirani yangu, mama mzaliwa wa Misikhu, amejifunga kitambaa kichwani, kilo mbili za sukari mkononi.

"Twende," akasema. "Lakini ni nani amekufa? Hukusema."

"Shangazi," nikajibu. Shangazi zangu wote walikuwa hai, Mungu anisamehe.

Akamtazama binti yangu, aliyekuwa ameziba masikio akiyumbayumba nyuma yangu. "Na huyu leo ameamka," akasema, basi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia uwanjani Bungoma, ambako hapakuwa na jeneza wala wafiwa. Kulikuwa na watu wenye fulana za buluu, na watoto. Mmoja alikuwa akizunguka papo hapo, mwingine akilamba kamba ya bendera. Msichana mkubwa alikuwa akipiga mayowe, babake akimfuata taratibu na chupa ya maji, bila kumwomba mtu radhi. Binti yangu akaanza kujipiga makofi usoni, kama afanyavyo akizidiwa na kelele. Nikayasubiri macho ya watu. Hakuna aliyegeuka. Mama mmoja alisogea tu, akaniambia, "Wangu pia alikuwa anafanya hivyo. Mpatie kitu nzito abebe, atatulia."

Jirani yangu alikuwa amesimama na sukari yake mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Huyu ndiye aliyekuwa redio ya ploti yetu. Kufika jioni wangejua wote kwamba nimewadanganya, na wangejua nilichokuwa nikificha.

"Kwa hivyo hakuna matanga," akasema.

"Hakuna."

"Si ungesema tu, bana. Sasa hii sukali?" Hakungoja jibu. Aliiweka mikononi mwa binti yangu, naye akaikumbatia, akatulia.

Tukatembea hadi sokoni na kurudi. Nililia njia nzima. Hakuna aliyeniuliza ninalilia nini. Yule baba wa chupa ya maji alinipa tu leso yake, akaendelea kumfuata bintiye. Sijawahi kujisikia nyumbani kama siku ile, katikati ya watu nisiowajua.

Lakini mtu akitoka matanga, kina mama huja kumpa pole. Kesho yake mchana nikawaona wakiingia uani na unga na majani ya chai, jirani yangu akiwa wa mwisho. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa cha chumba cha binti yangu, nishamfungia.

"Umewaambia?" nikamnong'oneza alipofika mlangoni.

"Mimi? Hapana. Hiyo ni yako ya kusema."

Nilisimama pale hadi wote wakakaa. Kisha nikafungua. Binti yangu akatoka, hakumsalimia mtu, akaketi sakafuni katikati yao na kuanza kuchezea pindo la gauni la mama mmoja. "Hakuna aliyekufa," nikasema. "Niliwadanganya. Huyu ni mtoto wangu, ana usonji, na siku zile zote hakuwa amelala."

Yule mwenye gauni, mkubwa wao kwa umri, hakuvuta pindo lake.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi, miaka yote ile, nilikuwa "jirani" tu. Nikalitaja jina.

"Haya, mama yake," akasema, kisha akaniita mama wa jina hilo, polepole, ili wengine walishike. "Weka maji ya chai."

Nilienda jikoni, na nikasikia wakiniita tena.