Taa ya Kijani Kando ya Jina Lake

Kaka yangu aliendesha malori marefu miaka mingi, mpaka moyo wake ulipoanza kumsumbua na daktari akamkataza usukani. Akabaki nyumbani kwake mjini Salama, anasikiliza malori ya wenzake yakipanda barabara kuu, na kila moja akikuambia limebeba nini kwa ngurumo yake tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini Kabati. Ndimi niliyemwekea mchezo wa malori kwenye kompyuta. Jumamosi mchana tulikuwa tunaendesha pamoja, yeye Salama, mimi Kabati, tumevaa hedifoni na kuongea kama tumekaa benchi moja.

"Mwalimu, hiyo kona utaimaliza na gari limelala," alikuwa akiniambia. "Shika gia ndogo."

Jumamosi moja sauti yake ikakatika. Lori langu nilikuwa nalisikia vizuri, yeye simsikii. Lakini kando ya jina lake kwenye skrini, ile taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Taa hiyo huwaka maiki ya mtu ikichukua sauti.

"Kaka, sikusikii," nikamwambia. "Wewe wanisikia? Washa taa za lori mara mbili."

Lori lake likawasha taa mara mbili, kisha likasimama kando ya barabara kuningoja.

Nikaanza kutafuta. Nilichomoa hedifoni nikachomeka tena. Nilizima mchezo nikauwasha. Nilipandisha sauti mpaka ngurumo ikaniumiza masikio. Taa ya kijani inawaka, inazimika, inawaka. Nikaona ananichanganya.

"Kaka, hebu nyamaza kwanza! Nikishatengeneza nitakuambia."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Siku chache nyuma nilikuwa nimeunganisha kompyuta na televisheni ya kanisa, na ule upande wa maongezi ulikuwa bado unapeleka sauti huko. Mchezo una setingi yake, maongezi yana yake. Ilinichukua kama dakika ishirini kuiona. Nikachagua hedifoni, nikabonyeza.

Nikasikia feni. Nikasikia kuku nje ya dirisha lake.

"Kaka, sasa ongea."

Kuku tu. Taa ya kijani ikiwaka kila walipolia.

Nilimwita nikicheka, nikidhani amenuna. Kisha mlango ukalia, nikasikia nyayo za mke wake, na sufuria ikaanguka. "Ukila! Ukila!" akawa anapiga kelele kwa lugha ya kwetu, amka, amka. Akalia na kumwomba msamaha kwa jinsi walivyogombana asubuhi, kwamba hakumaanisha, kwamba aamke tu, hata amgombeze tena. Nilimwita wifi yangu kwa nguvu zote, lakini sauti yangu ilikuwa imefungiwa ndani ya hedifoni, kwenye masikio ya kaka.

Tulimzika nyumbani kwetu Kanyangi.

Baada ya hapo sikuwa sawa. Niliamini alikuwa ananiita, nami nikamwambia anyamaze. Darasani mtoto akijibu kwa sauti ndogo nilikuwa naacha chaki na kwenda kumwinamia, namwambia rudia, rudia, mpaka wengine wakaanza kuniogopa. Nikiona mtu ng'ambo ya barabara akisogeza midomo nisimsikie, nilikuwa navuka.

Shule zilipofungwa nikaenda Salama. Wifi alikuwa anachambua pojo. Nilikaa naye kidogo, kisha nikamuuliza kama kaka aliita siku ile.

"Nilikuwa nje nafua, dirisha liko wazi," akasema. "Hakuita. Nilimsikia anakucheka. Anasema, huyu mwalimu atafungua kompyuta yote mpaka misumari. Halafu akanyamaza, nikajua mmeendelea na mchezo wenu."

Nikamwomba arudie, akarudia vilevile. Nilitaka kuamini. Lakini mtu anayefua hasikii kila kitu, hilo naye alilijua, maana hakuniangalia usoni.

Akasukuma ungo pembeni.

"Nami nina swali," akasema. "Nilipoingia, ile mashine ilikuwa inafanya kazi. Ulisikia nilichomwambia?"

Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani. Nikaona kwamba kwa miezi hiyo yote swali hili lilikuwa likilala naye.

"Hapana, wifi. Sauti ilikuwa haijatengenezeka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akashusha pumzi ndefu, akainuka kwenda kuweka maji ya chai. Nilivuta ungo nikaendelea kuchambua pojo, natoa vijiwe kimoja kimoja, na masikioni mwangu alikuwa bado anamlilia mumewe aamke.