Hati ya Ukaazi ya Gizela Neufeldová

Gizela Neufeldová alikuwa mshonaji wa mifarishi katika mji mdogo wa Brezie, kama mama yake alivyokuwa kabla yake. Msichana wa Brezie haolewi bila mfarishi na mito ya manyoya ya bata bukini, na kwa miaka mingi hapakuwa na bibi harusi aliyejifunika kitu ambacho hakikupita mikononi mwa mmoja wa wanawake hao wawili. Wakatoliki, Walutheri na Wayahudi wenzake, wote walimpelekea magunia yao ya manyoya. Majira ya baridi wanawake wa mtaa walijazana jikoni kwake, wakachambua manyoya na kuwachambua watu, na mlango ukifunguliwa ghafla manyoya yaliruka hadi darini, wote wakamzomea aliyeingia.

Mwaka 1942 Wayahudi wa mji walikusanywa, Gizela akiwamo, wakapakiwa katika mabehewa ya ng'ombe. Mwaka 1945, mwezi wa Julai, alirudi peke yake, nywele zikiwa ndiyo kwanza zinaota, mwilini amevaa koti la askari asiyemjua.

Hakurudi kutafuta mali. Dada yake Erna alikuwa amekwisha kufa, lakini binti wa Erna, Judita, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa hai. Masista wa Podhorie walimficha tangu siku ile ya mabehewa. Gizela alikwenda kwao kwanza. Mama Mkuu alimpokea kwa upole, akamweleza jambo moja tu: Jumapili mayatima wote wangesafirishwa kwenda nchi za nje kutafutiwa wazazi. Kama Gizela anamtaka mtoto, alete hati ya ofisi ya mji, inayothibitisha kwamba ni mkazi wa Brezie na ana mahali pa kulala. Gizela aliona hilo si kazi. Alikuwa amezaliwa Brezie.

Katika ofisi ya mji alimkuta Ondrej Valach, karani yule yule wa daftari la wakazi, mwenye mikono ileile ya shati iliyofungwa kwa mpira ili wino usiichafue.

"Bi Gizela! Mungu wangu! Sisi tulidhani..." Hakumaliza. "Mke wangu bado analalia mito yako, na kila siku anaisifu."

"Msalimie. Nataka hati ya ukaazi, Bwana Valach."

Valach alivuta droo, akapekua kadi, akatoa moja. Aliisoma mara mbili.

"Hupo."

"Nimesimama mbele yako."

"Kwenye kadi, nasema. Umehama. Machi, arobaini na mbili. Ulikohamia: hakujulikani."

"Nani ameandika kwamba nimehama?"

"Mimi," Valach alijibu, bila kuficha na bila kuona haya, kama mtu aliyeulizwa ni nani aliyefagia ukumbi. "Kila anayeondoka lazima afutwe. Niliwafuta nyote jioni ileile, nisije nikasahau mtu. Nisingekufuta, leo ungekuta kodi ya mbwa inakungoja, ya miaka yote hiyo."

"Mbwa wangu alipigwa risasi siku ileile."

"Na hilo nalo lilipaswa kuletwa ofisini," alisema Valach kwa huruma ya kweli.

Gizela alitaka kukasirika, lakini hakupata mahali pa kuishikiza hasira: mtu huyu alimsogezea kiti, akamletea maji ya kunywa.

"Basi niandike kwamba nimerudi."

"Kwa furaha kubwa. Nipe hati ya kuhama."

"Ya kuhama wapi?"

"Kule ulikokuwa unakaa mwisho. Ofisi ya kule inakufuta, mimi nakuandika. Mtu hawezi kuwa mkazi wa mahali pawili, Bi Gizela. Unaujua utaratibu."

Aliujua. Alikua nao, kama kila mtu wa mji ule. Kwa muda akajikuta anafikiri kwa dhati kama kule alikotoka aliwahi kupewa karatasi akaipoteza njiani. Kisha akakunja mkono wa koti, akaulaza mkono wake juu ya meza. Tarakimu za kambini zilionekana, zimechanjwa kwa wino wa buluu, chini kidogo ya kiwiko.

"Kule walinipa hii."

Valach aliinama, akashika kalamu, akatazama.

"Haina muhuri," alisema.

Mara akasikia alichokisema. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni hadi masikioni, na kalamu ikamtoka mkononi. Wote wawili waliitazama ikibiringika hadi ukingoni mwa meza; hakuna aliyeizuia.

Valach alisema kwa sauti ndogo, "Kuna njia moja. Mhamiaji asiye na hati huandikwa kwa saini ya mwenye nyumba aliyempokea."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Kwenye kadi ni Paulína Hudáková. Aliinunua kwenye mnada wa serikali."

"Na nikitaka kadi isahihishwe?"

"Mahakama ya wilaya. Huenda mwakani. Huenda mwaka wa pili."

"Na Jumapili?"

Valach alimpa fomu.

Njiani Gizela alijiuliza maswali ambayo asubuhi yangemchekesha. Je, hakuondoka kweli? Si yeye mwenyewe aliyefunga mlango kwa ufunguo, akamkabidhi askari ufunguo huo, akatia saini aliyoambiwa atie? Mtu anayeburutwa hafungi mlango. Kama si kuhama, jambo lile lililompata liliitwaje, na liliandikwa katika safu ipi?

Paulína Hudáková alikuwa akitumbukiza matonge ya viazi katika sufuria. Zamani ndiye aliyekuwa hodari wa kuchambua manyoya kuliko wote, na domo lake lilikuwa kali vilevile. Mumewe aliuawa vitani, akamwachia watoto watatu. Alipomwona Gizela mlangoni alisimama mbele ya jiko na kijiko chake, kana kwamba jiko ndilo lingeondolewa kwanza.

"Watu wanasema mmerudi wengi kuliko mlioondoka."

"Nimerudi mmoja, Paulína. Nihesabu."

"Nyumba nimenunua, shoga. Kwa mnada, mchana kweupe. Karatasi ninazo."

"Najua. Na wewe ndiye ninayekuomba unipokee."

"Nikupokee vipi?"

"Kama mpangaji. Chumba cha nyuma, kile cha magunia. Mimi na mtoto wa Erna. Utie saini hapa, penye 'mwenye nyumba'."

Paulína aliitazama fomu, akaitazama sura ya Gizela, akairudia fomu.

"Subiri. Wewe ndiye unayetaka niandike kwamba mwenye nyumba ni mimi?"

"Ndiyo."

"Na wewe utatia saini chini yangu?"

"Ndiyo."

"Wenzako wanakuja na mapolisi, wewe unaniletea fomu! Unanitega, Gizela. Mimi si mjinga. Sielewi."

"Hata mimi sielewi," alisema Gizela. "Masista wanataka karatasi."

Alijua kwamba siku atakayokwenda mahakamani, wakili wa kwanza atakayesimama ataiinua fomu hii na kusema: mwenyewe amekubali. Huenda Paulína naye alilijua hilo, kwa maana alifuta mikono kwenye aproni taratibu sana, akitafakari. Matonge yalikuwa yameelea juu ya maji zamani.

"Erna alikuwa akinikata nywele," Paulína alisema hatimaye, kwa hasira, kama mtu anayedaiwa. "Lete kalamu. Lakini jikoni ni kwangu."

"Jikoni ni kwako."

Wakatia saini, mmoja juu, mmoja chini. Kabla hawajaachana Paulína alimpakulia matonge yenye jibini ya kondoo, na Gizela akala amesimama, hajui kama kiti pia ni lazima aombe.

Jumamosi Mama Mkuu aliisoma kwa sauti, chini ya dirisha, hati iliyopigwa muhuri na Valach. "Hapa wanasema wewe ni mhamiaji mpya Brezie, na ulikotoka hakujulikani. Mbona uliniambia ulizaliwa pale?"

"Nilizaliwa pale."

Mtawa yule alisubiri maelezo zaidi. Gizela alibaki amesimama, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Basi Mama Mkuu akaugeuza muhuri kwenye mwanga, akaukubali, akaita jina la mtoto.

Ndani ya treni Judita alikaa wima, mikono magotini kama alivyofundishwa, akimtazama mama mdogo asiyemkumbuka. Nyuma ya mlango wa Mama Mkuu alikuwa amesikia hati yote ikisomwa, hadi penye mwenye nyumba.

"Sista," alianza, kisha akajisahihisha, "mama mdogo. Huyo mwenye nyumba ni mkali?"

Gizela alifumbua kinywa kumwambia kwamba mwenye nyumba ni mama yake mdogo, na kabla yake alikuwa bibi yake. Maneno yalikuwa tayari. Lakini mtoto angeuliza kwa nini basi watalala katika chumba cha magunia, na kwa swali hilo hakuwa na jibu la kumpa, wala la kujipa yeye mwenyewe.

"Ni mkali kidogo," alisema.

"Atanikubali?"

"Amekubali. Ametia saini."

Judita akatulia, akaegemea dirisha.