Abiria wa Safari Mia Mbili na Kumi na Moja

Taratibu, mwana wa Msukuma Mkokoteni, mwana wa Mchukuzi wa Kichwani. Hivyo ndivyo alivyojitambulisha popote alipoulizwa, na aliyetaka jina la kwenye kitambulisho aliambiwa akakiulize kitambulisho. Babu yake alibeba mizigo ya watu kichwani mpaka utosi ukaota sugu, na hakuwahi kuangusha hata kapu la mayai. Baba yake alisukuma mkokoteni miaka thelathini, akazika wenzake watatu walioupenda mteremko kuliko roho zao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshusha lori la saruji mlimani breki zikiwa zimekufa, kwa gia tu na subira. Ndiye aliyekaa siku tatu kando ya daraja lililokatika akilinda magunia ya wenyewe, amelala juu yake kama kuku juu ya mayai. Ndiye aliyefikisha hospitalini mashine ya kupigia picha mifupa, na walipoifungua hawakukuta hata skrubu moja iliyolegea.

Mtu wa namna hiyo haitwi ofisini kama mwanafunzi mtoro. Lakini siku moja ya Ijumaa, ikiwa imebaki miezi miwili tu astaafu, aliitwa.

Meneja alikuwa mtu mpole mwenye tai fupi. Pembeni yake alikaa fundi mpya, binti wa miwani, ambaye madereva walikuwa bado hawajamwamini kwa sababu kucha zake hazikuwa na grisi. Kazi yake ilikuwa kuchomeka waya chini ya dashibodi na kusoma yale ambayo gari limeyaweka moyoni. Maana malori ya siku hizi yana moyo, tena yana kinyongo. Chini ya usukani kuna kijisanduku kisichozidi nusu tofali, nacho huandika kila kitu: injini imewashwa saa ngapi, imeunguruma muda gani gari likiwa limesimama, mwendo, joto, breki, milango, mikanda. Hakilali, hakisahau, na hakiulizi kwa nini.

Binti alisoma kwa sauti ya chini. Mwendo haujawahi kuzidi sabini na nane. Breki za ghafla katika miaka miwili, mara moja, na siku hiyo ilikuwa ng'ombe. Taratibu akakaa vizuri kwenye kiti. Hizo zilikuwa sifa zake na hakuona ubaya zikisomwa. Kisha binti akasita, akamtazama meneja, akaendelea. Kiti cha abiria kimekaliwa. Mkanda wa abiria umefungwa. Safari mia mbili na kumi na moja, zote, kwenda na kurudi.

Kampuni ilikuwa imekataza kubeba abiria, na dereva aliyevunja sheria hiyo aliondoka siku hiyohiyo. Mwaka uliopita lori lao moja lilianguka na mtu asiyejulikana akiwa ndani, na mpaka leo ndugu zake hawajapatikana. Kwa hiyo meneja hakupiga meza wala hakukaripia. Alisema tu kwamba hataki kumwandikia mzee kama yeye barua ya aibu, na akampa wiki moja aseme amekuwa akimbeba nani. Funguo za lori akazichukua, akaziweka kwenye droo.

Taratibu akatoka na siri yake. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri hii ilikuwa ya mtungi kweli, maana kilichokaa kwenye kile kiti kilikuwa dumu la maji la lita ishirini.

Asiyewahi kuendesha malori ya zamani hawezi kuelewa. Lori la zamani lilikuwa na kiu kama mgonjwa wa homa. Rejeta ilichemka, mvuke ukapanda, na dereva asiye na maji alikaa porini hadi Mungu amkumbuke. Hivyo kila dereva wa rika lake alijaza dumu kabla ya kitu kingine chochote. Lori hili jipya halikuhitaji. Maji yake yamefungiwa ndani, na kitabu chake kinasema yasiguswe ila na fundi. Taratibu alikisoma kitabu, akakifunga, akajaza dumu. Sakafuni lilibingirika hadi kwenye pedali, akaliweka kitini. Kengele ikalia: kiti kilidhani kimekaliwa na mtu asiyefunga mkanda. Akalifunga mkanda, kengele ikanyamaza, naye akaisahau kama mtu anavyomsahau mbu aliyekwisha kumuua. Hakujua kwamba kuna anayeandika.

Kusema hayo ofisini kungekuwa kukiri kwamba mshusha-lori-bila-breki anaogopa kiu ya lori lisilo na kiu. Hiyo ilikuwa aibu ya kwanza, na ilitosha kumfunga mdomo siku mbili. Ya pili ilimjia uani kwa madereva, na ajabu yake ni kwamba ilikuwa tamu.

Habari zilikuwa zimetoka ofisini kabla yake. Dereva mwenzake waliyemwita Mpiga Honi, mtu ambaye hata akinong'ona husikika ng'ambo, alimpokea Jumatatu kwa kumpa mkono kwa adabu zote. "Shemeji hajambo?" akauliza. "Mwambie siku moja ashuke tumwone. Au ndiyo wivu, mzee?" Wenzake wakacheka, wakamsogezea benchi. Mama wa kantini akamwekea vikombe viwili vya chai, cha pili akisema ni cha mwenzake. Taratibu alivinywa vyote viwili.

Mama wa watoto wake alikuwa amezikwa miaka minne iliyopita. Tangu matanga yalipokwisha, hakuna aliyemuuliza habari za nyumbani kwake, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na habari. Kulikuwa na kitanda, redio, meza yenye kiti kimoja kilichochakaa na vitatu vipya. Sasa watu wazima walikuwa wanamuuliza mwenzake amelalaje. Alijua ni masihara. Lakini hata masihara yalihitaji mtu akae karibu nawe ili uyasikie.

Jumanne simu ikalia. Alikuwa binti yake mkubwa, aliyeolewa mbali, ambaye kwa kawaida alipiga mwisho wa mwezi kama anayetimiza zamu. Umbea ulikuwa umemfikia.

"Baba, nasikia unasafiri na mtu."

"Nani kasema?"

"Usinijibu swali kwa swali. Ni nani?"

Taratibu alitazama dari. "Ni mtulivu," akasema. Huo haukuwa uongo.

"Anakutunza lakini?"

"Nikikwama, ndiye tegemeo langu." Huo nao haukuwa uongo, na ndiyo maana ulimchoma.

Binti alipiga tena Jumatano, na Alhamisi akapiga mara mbili. Alitaka kujua mtu huyo ana watoto, ana maneno mengi au machache, anaweza kuvumilia redio ya baba yake. Mara nyingine walicheka. Kwa siku tatu Taratibu alizungumza na mwanawe zaidi kuliko alivyozungumza naye mwaka mzima, na kila alipokata simu alikaa ameishika mkononi, uso umepata joto na moyo umepata haya. Alhamisi jioni binti akasema atakuja Jumapili kumsalimia mama huyo. Alikuwa ameshamnunulia kitambaa cha gauni.

Basi ilipofika Ijumaa, Taratibu alipanda ngazi za ofisi akiwa amebanwa kama chawa katikati ya kucha. Akinyamaza, ataondoka na barua ya aibu, na ukoo wa wachukuzi waaminifu utaishia kwa dereva mwongo. Akisema, kila mtu atajua kwamba pembeni yake hapajakaa mtu, tangu mwanzo. Na Jumapili hakutakuwa na mgeni.

Kabla meneja hajauliza, yule fundi wa miwani alisogeza karatasi zake. Alisema amerudia kusoma yote tangu Jumatatu, kwa sababu kuna jambo lilimkera.

"Mlango wa abiria haujafunguliwa," akasema. "Miaka miwili. Hata mara moja."

Meneja akauliza kama huyo abiria huingilia dirishani.

"Haingii wala hatoki," binti akajibu. Akamgeukia Taratibu, na sauti yake ikashuka ikawa ya mtu na baba yake. "Mzee, hapo kitini hajakaa mtu. Sivyo?"

Alikuwa amemfungulia mlango. Angeweza kuitikia kwa kichwa na yakaisha. Lakini mwana wa Msukuma Mkokoteni hakuzoea kutoka kwa mlango uliofunguliwa na mwingine. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Ndivyo kabisa mwanangu. Hapo hajakaa mtu," akasema. "Ni maji. Niko peke yangu."

Aliyasema maneno hayo wima, kama anayesoma namba ya gari lake. Kisha wakashuka uani kuthibitisha. Taratibu akalipitisha dumu kwenye mlango wake mwenyewe, akaliweka kitini, kengele ikalia. Akalifunga mkanda, kengele ikanyamaza. Meneja alicheka mpaka akalegeza tai, akaomba radhi, akamrudishia funguo mbele ya watu wote. Jina lilikuwa limesafishika. Akaongeza tu kwamba dumu lisipande tena kitini, kwani siku ya breki kali litaruka limvunje mtu kichwa. Taratibu alikubali, ilikuwa haki.

Mpiga Honi ndiye aliyepata la mwisho. "Kumbe shemeji ni wa lita ishirini!" Watu wakashika mbavu. Taratibu naye akacheka, maana ilichekesha. Lakini saa ya chai mama wa kantini aliweka kikombe kimoja, na benchini kila mtu alikuwa na mazungumzo yake.

Fundi wa miwani alimfuata kwenye lori akizungusha waya wake. Alisema kuna jambo jingine ambalo hakulisoma ofisini. Kila anaporudi safari, lori likiwa limeshaegeshwa, injini huendelea kuunguruma. Dakika thelathini. Mara nyingine arobaini.

"Naipoza," Taratibu akasema.

"Injini hii hupoa kwa dakika tatu, mzee."

"Mimi ndiye ninayechelewa kupoa."

Fundi akafuta vumbi kwenye kioo ambacho hakikuwa na vumbi, akaenda zake.

Taratibu akakaa nyuma ya usukani bila kuwasha kitu. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na kijisanduku, kama kilikuwa kinaandika, kiliandika mtu mmoja. Akapiga simu yeye mwenyewe, jambo ambalo kwa kiburi chake hakulizoea. Akamweleza binti yake yote, dumu, mkanda na kengele, bila kujitetea.

"Kitambaa nimeshanunua," binti akasema.

"Kishone wewe."

"Basi Jumapili... nitaangalia, baba."

Alilijua hilo neno. Ni mlango ulioegeshwa, na upepo kidogo tu huufunga. Angeweza kusema njoo hata kama hakuna wa kumsalimia. Wengine wangesema. Lakini katika ukoo wake watu hawakuomba kubebwa, walipeana mzigo.

"Nina kazi nataka kukupa," akasema. "Sikiliza vizuri. Zamani, dereva hakuwasha injini mpaka amsomee mtu wa pili hali ya gari, neno kwa neno, kwa sababu macho ya mtu mmoja hujidanganya. Siku hizi ni fomu, unaweka alama. Mimi siziamini. Kila siku ya safari, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, utapiga simu. Wewe unauliza, mimi najibu. Usipopiga, siwashi, na mzigo wa watu utalala."

"Baba, saa hiyo nina watoto wa shule."

"Wasikie nao. Watajifunza."

Binti akavuta pumzi. "Na ukishastaafu?"

"Nikishastaafu, mwili huu utataka ukaguzi kuliko lori. Kalamu unayo?"

Alisikia droo ikivutwa, karatasi zikipekuliwa, na mtoto akiulizwa ameiweka wapi.

"Ninayo."

"Andika, basi. Kwanza oili. Usirukie matairi kama mumeo."