Mbao Sita za Teodori

Teodori wa Nangara alikuwa na mbao sita, na mtaa mzima ulijua ni za nini. Alizipata kwa taabu mwaka uliofuata baada ya kaka yake kuzikwa ndani ya mkeka, maana siku ile Babati yote haikuwa na ubao wa kuuzwa. Akazilaza juu ya dari ya fito na kusema, "Mimi sitaondoka duniani nimeviringishwa kama tumbaku." Mkewe, Xaveria, alicheka mpaka akakaa chini.

Mtu huyu alikuwa mpaka rangi wa barabara. Miaka ishirini na miwili alipaka vinguzo vya madaraja: nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, mpaka Magugu na kurudi. Hakuwahi kuchora hata kuku. Walipompunguza kazini, msimamizi hakuwa na cha kumpa mkononi, akampa mabaki ya rangi: kopo la manjano, kopo la nyeusi, na nyekundu kidogo iliyoganda juu kama maziwa.

"Rangi hatuli, Baba Redempta," Xaveria alimwambia. "Ungeomba sabuni."

Alikuwa na haki. Mwaka ule nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na sukari ilikuwa kitu cha kusimulia.

Basi masika yalipoanza, Teodori akashusha mbao ili azipake rangi, mchwa wasizile. Hilo tu. Alianza na manjano. Katikati ya ubao wa kwanza brashi ikakauka, akachovya nyeusi bila kuisafisha. Pale rangi mbili zilipokutana, nyeusi ikaingia ndani ya manjano polepole, kama moshi unavyoingia kwenye nyasi za paa. Mkono wake uliokuwa umezoea mstari ulinyooka ili ukate mpaka, ukakataa. Akasimama. Uji ukapoa, akaendelea kusimama.

Kuanzia siku hiyo hakupumzika. Brashi ilipokwisha manyoya, aliponda ncha ya mkonge akatengeneza nyingine. Rangi ilipokuwa nzito, alichota mafuta ya taa kwa kijiko.

"Hiki ni nini?" Xaveria akauliza.

"Sijui."

"Ni ng'ombe?"

"Siyo."

"Ni barabara?"

"Siyo kitu, Mama Redempta."

"Siyo kitu, na mafuta yangu ya taa yameisha? Ingekuwa kitu je, si tungelala gizani na fisi!"

Romanus, fundi seremala wa jirani, alipita akachungulia. "Mzee, shikamoo. Hilo jeneza lako litachekwa hata na mchwa." Teodori akaitikia marahaba, akaendelea. Alikuwa na miaka sitini, na ndiyo kwanza alikuwa ameona kwamba rangi inaweza kuachwa iende inakotaka. Lakini aliona haya, kama mtu mzima aliyekutwa akicheza na udongo.

Kiangazi kilipoingia, Xaveria akashikwa na kifua. Dawa aliandikiwa; haikuwepo mjini, wala Arusha haikuwepo. Akalala. Teodori akauegemeza ubao ule wa kwanza ukutani, mbele ya kitanda. Alisema anataka nafasi ya kupita, lakini alitaka auone.

Wiki ya pili Xaveria akasema, "Usiutoe."

"Umeujua ni nini?"

"Hapana. Kila kitu humu ndani kina kazi. Jembe lina kazi, chungu kina kazi, mimi mwenyewe nilikuwa na kazi. Hiki hakina. Nikikitazama napumzika." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Mafuta ya taa chukua. Mimi gizani nalala tu."

Siku nyingine akamshika mkono. "Mbao zako utanipa mimi, najua. Ule wa manjano uwe juu, rangi itazame ndani. Uwe mbele ya uso wangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema utafanya."

"Nitafanya," Teodori akasema. Katika ndoa ya miaka thelathini na nane, hilo ndilo jambo pekee ambalo mkewe aliwahi kumwomba lisilohitaji duka.

Akafa Alhamisi asubuhi. Binti yao Redempta akaja kutoka Singe. Romanus akatoa mbao uani atengeneze jeneza, na Katekista Konstantini akafika na wazee wa jumuiya. Desturi ni kulifunika sanduku kwa kitambaa, juu na ndani, na kingekuwepo kitambaa, hakuna ambaye angeziona rangi. Lakini kitambaa kiliuzwa mjini kwa foleni, na foleni ya mwezi ule ilikuwa imepita.

Katekista akainama juu ya ubao wa manjano. "Hii ni nini, Baba Redempta?"

Teodori akapangusa vumbi pembeni mwa ubao.

"Nauliza kwa wema. Watu wana midomo. Watasema ni alama za mganga. Kama ni msalaba, sema ni msalaba, tutaona."

Romanus akamsogelea, akanong'ona, "Mzee, sema chochote. Sema ni ziwa letu la hapa Babati."

Teodori alijua vizuri kwamba siyo ziwa. Marehemu aliupenda kwa sababu haukuwa kitu. Lakini aliona nyuso zote zimemgeukia.

"Ni ziwa," akasema.

Mzee mmoja akaguna. "Ziwa la manjano? Viboko wake wako wapi?"

Watu wakacheka, kicheko kile kifupi cha msibani kinachofichwa kwa kiganja. Hata Redempta alitazama chini. Katekista hakucheka. "Kwa marehemu hatusemi uongo," akasema taratibu. "Fundi, piga randa."

Hapo ndipo angesema, "Ni yeye aliyeomba." Maneno yalikuwepo, yamekaa juu ya ulimi. Lakini aliyekwisha kushikwa na uongo mmoja, nani angemsadiki la pili? Randa likaita, shwaa, shwaa. Maranda yakaanguka yamejikunja, manjano upande mmoja, meupe upande wa pili. Akina mama wakayazoa, wakakokea moto wa chai ya wafiwa, chai isiyo na sukari.

Wakamzika Xaveria saa tisa, mbele ya uso wake kuna ubao mweupe.

Makopo yaliyobaki yaliganda mpaka chini, Teodori hakuyafunika. Mbao nyingine hakutafuta. Jioni alikaa kitandani akiutazama ukuta, akijaribu kuukumbuka ubao ule. Manjano aliikumbuka. Lakini nyeusi ilianzia juu ikishuka, au chini ikipanda? Kila siku alikuwa na jibu tofauti. Na aliyeutazama zaidi kuliko yeye alikuwa chini ya udongo wa Nangara, hawezi kuulizwa.