Shimo la Mama

Kila ninapofunua shimo la malisho, ile harufu chachu yenye utamu hunirudisha uani kwetu Kapata, miguu yangu ikiwa ya kijani hadi magotini. Mama alichimba shimo, akatandika bashi, turubai la plastiki, akamwaga mahindi mabichi aliyoyakatakata, nasi watoto tukayakanyaga ili hewa itoke. Jirani yetu, mchimbaji wa shaba, akachungulia.

"Mama, umepata shaba?"

"Hapana, tata. Bengine banatoa, mi naweka. Mukanyage, batoto."

Akaenda zake akicheka.

Kiangazi kilipokausha majani, ng'ombe wa mtaani wakakatika maziwa. Wetu, waliolishwa mahindi tuliyoyafukia shimoni, walijaza ndoo. Jirani akarudi na kopo, akasimama kando ya shimo, akinusa.

"Mama," akasema, "unifundishe nami kuweka."